Koki Inayofungwa Kushoto

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata sasa naacha ninachofanya. Ilikuwa Jumatatu. Nilikuwa nimerudi kazini kutoka Samuye, kumzika shangazi yangu, nikakuta pampu kubwa ya mgodi imesimama, na Shija, fundi niliyekuwa namsimamia, amelazwa hospitali Geita, mkono umevunjika mahali pawili.

Nikueleze kwanza tulifikaje hapo.

Niliingia karakana ya mgodi ule nikiwa binti wa miaka ishirini na mitatu, mwanamke peke yangu kati ya wanaume tisa. Nilitumwa chai, nilitumwa kufua matambara ya grisi. Nikiinama kuona fundi anafanya nini, ananigeuzia mgongo. Ufundi wa pampu niliuiba kwa macho, na uliobaki nilijifundisha mwenyewe kwa kufungua vyuma vibovu vilivyotupwa nyuma ya stoo. Nilipokuja kuwa fundi mkuu, nilijiapia kwamba nilichokipata kwa shida hakitoki bure. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mimi ulishanichoma, nikajua uchungu wake, na bado niliushika nikawachome wenzangu.

Sifa nazo ziliniponza. Pampu ikikorofisha, meneja anasema, "Mwiteni Minza." Naitwa hata siku ya mapumziko, hata nikiwa kanisani, na ninaondoka kwenye benchi taratibu ili watu waone naitwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Sasa, miezi michache kabla ya msiba ule, koki ya bomba la kupandishia maji iliharibika. Stoo haikuwa na ya kufanana nayo, nikafunga nyingine iliyotolewa kwenye mtambo wa zamani. Hiyo ilikuwa kinyume: kuifunga unazungusha kushoto, wakati koki nyingine zote pale zinafungwa kulia. Nilijua. Sikumwambia mtu wala sikuandika popote. Shija aliniuliza siku ile ile, "Dada Minza, hii tuliyoweka ina lolote la kujua?"

Nikamjibu, "Ukihitaji, nitakuwepo."

Nikiwa Samuye, ambako simu haikushika mtandao, umeme ulikatika mgodini. Uliporudi, pampu ilikuwa imeshika hewa. Shija alitaka kulegeza kiungo cha bomba ili hewa itoke, na kama fundi mwenye akili, alifunga koki kwanza. Alizungusha kulia mpaka ikagoma. Kumbe ndiyo ameifungua yote. Alipolegeza kiungo, maji yaliyokuwa yamesimama ndani ya bomba yakashuka kwa kishindo, bomba likaruka likampiga mkono. Wachimbaji walipanda juu salama, namshukuru Mungu, lakini chini kulijaa maji na kazi ikasimama siku nne.

Hayo yote nilisimuliwa nilipofika. Niliambiwa pia kwamba meneja anaandika taarifa: fundi hakufunga koki, ni uzembe, aachishwe kazi.

Mtunza stoo wetu aliitwa Mzee Ndaki. Alikuwa fundi kabla miguu haijamchosha. Alinisubiri mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu, mama yangu. Pole na msiba. Ile koki inafungwa upande gani?"

"Kushoto."

"Nani mwingine anajua?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi uliyemvunja ni wewe," alisema. "Taarifa haijapelekwa bado." Akarudi ndani kupanga boliti zake.

Sitakuficha, mwanangu, nilifikiria kukaa kimya. Nilikuwa na watoto wawili wa kusomesha, na cheo nilikitafuta miaka kumi na moja. Mchana ule nikaenda hospitali. Mke wa Shija alikuwa ameketi pembeni ya kitanda anamenya chungwa. Mkono wa mumewe ulikuwa umefungwa hogo, ile plasta ngumu, toka vidoleni hadi juu ya kiwiko.

"Dada, nilifunga," Shija alisema kabla sijakaa. "Kila anayekuja ananiambia sikufunga. Nilifunga."

"Ulifunga, Shija. Mimi ndiye sikukuambia kwamba inafungwa kushoto."

Mkewe akaacha kumenya. Shija akageukia ukutani. Hakunitukana. Heri angenitukana.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwa meneja. Taarifa ikaandikwa upya, jina langu likaingia. Shija akabaki na kazi yake. Mimi nikavuliwa ufundi mkuu, akaletwa mtu kutoka nje.

Kwa hiyo kufundisha nilianza nikiwa sina cheo. Niliomba dakika ishirini kila Jumatano kabla ya zamu: fundi mmoja afungue kitu mbele ya wenzake huku anaeleza. Wa kwanza nilikuwa mimi, na nilianza na koki ile. Tuliipaka rangi nyekundu, tukachora mshale. Walikuja watatu, mmoja anasinzia.

Shija aliporudi, mkono haukunyooka vizuri, na kwa miezi mingi hakusema nami ila la kazi. Jumatano moja alisimama mwenyewe. Akaweka ncha ya bisibisi kwenye pampu na mpini sikioni, akatuonyesha namna ya kusikia beringi inayoanza kufa. Mimi, fundi wa miaka yote ile, sikuijua mbinu hiyo.

"Mbona hukuwahi kuniambia?" nilimwuliza.

"Hukuwahi kuniuliza," akasema, akanipa bisibisi nijaribu.

Cheo kilirudi baada ya miaka miwili. Nilipokiacha kwa kustaafu, alikichukua Shija, na pampu haikusimama hata saa moja.

Sasa nasikia umepewa watu sita kwenye karakana kule Kahama. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Usikifiche unachokijua. Ukifunga kitu tofauti na kawaida, sema siku hiyo hiyo, na uandike, maana mdomo husahau. Anayekuuliza swali amekuheshimu. Mjibu hata kama umechoka. Yule wa chini kabisa naye ana jambo analolijua kuliko wewe, mwache alisimulie mbele za watu, nawe usikilize umesimama kama wengine. Na kosa likiwa lako, lichukue mapema kabla mwingine hajalibeba.

Mungu akulinde na vyuma, mwanangu. Akupe wakubwa wasiokugeuzia mgongo, akupe na wadogo watakaokupita, na siku watakapokupita, akupe moyo wa kufurahi.