Filta Niliyoiosha kwa Mafuta ya Taa

Nakumbuka Jumatano moja, mwanangu, nikiwa na miaka kumi na tisa, nimesimama uani kwetu Rungwe Mpya na filta ya oili mkononi. Ilikuwa inadondosha mafuta ya taa, na mimi najiona fundi kuliko mafundi wote wa Kasulu. Ukiniona leo nakucheka unapofungua boneti kwa mbwembwe, nacheka kwa sababu hapo ulipo nilishapita.

Baba yangu alikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea maharage kwenda soko la Kibondo, na ndiyo iliyotulisha. Mwaka huo alianguka kutoka juu ya magunia, akavunjika mguu, akafungwa plasta mpaka pajani. Kwetu tulikuwa wasichana watupu, na ni mimi peke yangu ambaye baba alikuwa amenifundisha kuendesha. Jirani yetu, Mzee Nyandwi, alikuja kumpa pole, na hiyo pole iliisha haraka. Akasema anataka kuinunua ile pikapu kabla "huyu mukobwa", yaani huyu msichana kwa Kirundi, hajaiua.

Baba akamjibu, "Jumamosi Domitila anapeleka mzigo Kibondo. Panda naye. Gari ikirudi nzima, siuzi. Ikimshinda, njoo uichukue."

Mimi nilikuwa mlangoni na nilisikia kila neno. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Nikajiapiza kwamba Nyandwi ataiona pikapu ile ikipanda milima mpaka achoke kuitazama.

Basi Jumatano nikaamua kumwaga oili. Oili mpya ilikuwepo, dumu zima, ila filta mpya haikuwepo. Sasa unielewe, mwanangu. Kwetu kutupa kitu ilikuwa aibu. Wazazi wangu walivuka kutoka Burundi na blanketi moja, na hata baada ya kupata uraia nyumba yetu iliendelea kuishi kama tuko kambini bado. Kopo la mafuta ya kula likawa koroboi, gunia la unga likawa shuka, betri za redio zikaanikwa juani zipate nguvu tena. Kwa nini filta isioshwe? Nikaimiminia mafuta ya taa, nikaitikisa, nikamwaga, nikarudia mpaka yakatoka meupe. Nikaianika juu ya jiwe, jioni nikairudisha mahali pake, nikajaza ile oili mpya. Niliona fahari tupu.

Alhamisi asubuhi nikapiga stata. Injini ikawaka na kelele za chuma kugonga chuma, na taa nyekundu ya oili, ambayo siku zote huzimika mara moja, ikabaki inaniangalia.

"Zima," baba akasema kutoka chumbani. Hakupaza sauti sana, lakini nilizima.

Akaniita kando ya kitanda. "Filta umeitoa wapi?"

"Niliiosha, data," nikamwita baba kwa Kirundi. "Imekuwa safi kabisa."

"Uchafu wa ndani uliuona ukitoka?"

"Niliona mafuta ya taa yakitoka meupe."

"Sikuulizi mafuta ya taa. Nauliza uchafu."

Akanituma msumeno wa chuma na beseni, akaniambia niitoe ile filta na kuikata mbele yake. Nikaikata. Ndani kulikuwa na karatasi iliyokunjwakunjwa, na katikati ya mikunjo ulikuwepo uchafu mweusi uleule, haujaondoka hata kidogo. Upande mmoja karatasi ilikuwa imechanika. Baba akachomoa raba nyembamba ya ndani, akaibonyeza, ikabonyea kama ugali wa moto.

"Hii raba ndiyo inashika oili isishuke gari ikilala," akasema. "Umeivimbisha kwa mafuta ya taa, haishiki tena. Ndiyo maana injini imeamka kavu. Na hapa palipochanika, taka zinapita moja kwa moja kwenda kwenye beringi." Kisha akanitazama, na hayo macho sijayasahau. "Umaskini wetu tumeuzoea, Domitila. Injini haijui kwamba sisi ni maskini."

Hakunipiga wala hakunitukana. Heri angenitukana, maana aibu niliyoiona siku hiyo ilinikaa kifuani. Nikafikiri nimeshampa Nyandwi gari kwa mikono yangu mwenyewe. Baba akanifanya niimwage oili yote, mpya vilevile, kwa kuwa ilikuwa imeshaonja mafuta ya taa. Kesho yake alfajiri nikapanda basi kwenda Kasulu, na ile filta iliyokatwa nimeifunga kwenye kitenge.

Kwenye duka la spea muuzaji akanitolea filta inayong'aa, boksi lake zuri ajabu. Nikafanya nilivyoagizwa na baba. Nikaipima mkononi na ile ya zamani, mpya ikawa nyepesi mno. Nikaingiza kidole ndani kubonyeza raba, ikawa ngumu kama kifuniko cha soda. Nikairudisha. Akanipa nyingine, nikairudisha pia, kwa sababu raba yake ya nje ilikaa upande.

"Dada, unachagua filta kama nyanya," akasema.

"Nyanya mbovu itaniharibia mchuzi tu," nikamjibu. "Hii mbovu itaniharibia gari."

Ya tatu ilikuwa sawa. Uzito ulikuwa uleule, raba laini inayorudi ukiibonyeza, na nyuzi zake za kufungia zililingana na za ile ya zamani. Nikainunua pamoja na oili, nikarudi.

Alasiri baba akabebwa juu ya kiti mpaka uani, akae aone. Nikapangusa pale filta inapokaa, nikahakikisha raba ya zamani haikubaki imeganda, nikapaka raba mpya oili kwa kidole, nikaifunga kwa mkono mpaka ikakaza. Nikajaza oili, nikawasha. Taa ikazimika palepale. Niliona mabega ya baba yakishuka.

Jumamosi Mzee Nyandwi akapanda na koti lake la kanisani, nyuma tumejaza maharage. Njia nzima aliitazama ile dashibodi kama anasoma gazeti. Katikati ya mlima akasema tusimame, injini ipumzike. Nikasimama, nikasubiri, nikachomoa kijiti cha kupimia, nikampelekea machoni. Oili ilikuwa palepale kwenye alama. Hakuomba tena tusimame mpaka Kibondo. Tukashusha mzigo, tukarudi, na mimi nikaimba nyimbo zote za kwaya ninazozijua.

Nyumbani akaingia moja kwa moja kwa baba. "Gari siichukui."

"Kwa nini?"

"Mwenye nayo hauzi," akasema, akaninyooshea kidole mimi.

Baba alinikabidhi funguo siku hiyo, na sijazirudisha. Injini ile bado inawaka nyuma ya nyumba hii, na Mzee Nyandwi, sasa anatembelea fimbo, huniletea gari lake nimmwagie oili. Mafundi wengine hawaamini. Najivuna, ndiyo, acha nijivune.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Oili usingoje mpaka gari lilie. Filta ibadilishe kila unapomwaga, usiioshe, usiihurumie. Boksi lisikudanganye, amini kidole chako. Ile ya zamani ikate uione ndani, maana humo utajua injini yako inaishije. Na ukikosea, sema upesi kabla hujawasha tena, kwa sababu mimi niliokolewa na baba aliyesikia kutoka kitandani, na wewe huenda usiwe na mtu wa kukusikilizia.

Nenda sasa. Mungu akupandishe kila mlima ulio mbele yako, na siku mtu akija kukinunua kilicho chako, akukute umekishika.