Jezi ya Kwanza ni ya Mama

Mtaa mzima wa Rosettenville ni mimi peke yangu niliyesomea tiba ya viungo Wales. Usiku niliosha vyombo hotelini, asubuhi niliingia darasani. Niliporudi Johannesburg nikafungua chumba changu cha tiba na kutundika diploma mahali ambapo kila anayelala kitandani lazima aione. Msusi Mkongo wa mlango wa pili huniita Papa Diplome. Simkatazi.

Kwa hiyo sikushangaa Mwelshi mmoja alipozipita hospitali kubwa akaja kwangu. Aliichezea raga timu ya taifa lake miaka mingi, mstari wa mbele wa skramu, pale timu mbili zinapoinama na kusukumana mabega kwa mabega, na sasa anafundisha vijana hapa mjini. Mkono wake wa kulia haukupanda kupita kifua.

Akanieleza kinachomsumbua. Kwao, jezi ya kwanza ya taifa mchezaji humpelekea mama yake. Yeye mechi yake ya kwanza aliichezea hapahapa, na kwa furaha ya ujana akabadilishana jezi na mpinzani aliyesukumana naye. Jezi zilizofuata mama alizikunja kabatini, lakini hiyo moja anaiulizia hadi leo, na umri umekwenda. Mpinzani, siku hizi mkulima, bado alikuwa nayo. Alisema angeirudisha kwa njia ileile tu aliyoipata: uwanjani, jezi kwa jezi, kwenye mechi ya wastaafu.

Nikamruhusu skramu moja tu. Kila jioni nililikanda lile bega, naye akiguna. Msusi akachungulia.

“Papa Diplome, muzungu yako analia kupita bamama bote benye ninasuka.”

Nilipomtafsiria kwamba analia kuliko wanawake wote wanaosukwa pale, Mwelshi akapapasa upara wake, akasema nywele zikiota atahamia kwa huyo msusi.

Siku ya mechi waliingia, wakasukumana mara moja, nikampungia mkono, akatoka bila ubishi. Mwishoni mkulima akaja na ile jezi nyekundu ya Wales, imekunjwa vizuri, akasimama kuisubiri ya mwenzake. Watu wawili wakasogea kumsaidia Mwelshi kuvua yake.

“Mwacheni,” nikasema.

Akaivua mwenyewe, mkono ukapita juu ya kichwa. Kisha akampigia mama simu ya video, akaiinua ile nyekundu kwa mkono uleule. Mama akauliza kama imefuliwa.

Wote walicheka wakiitazama simu. Mimi nilikuwa nalitazama bega.