Tisa Waliomshika Jenerali

Alhamisi, mwezi wa nne. Manyunyu tangu alfajiri, upepo hakuna.

Ninayoandika hapa yalitokea kweli, hapa Mtanda, nyumbani kwangu, tena mchana. Nimechelewa miaka saba kuyaandika kwa kuwa nimeishia darasa la saba na niliogopa kutia chumvi. Leo binti yetu Shukuru ametimiza miaka saba, nikaona nikizidi kungoja nitasahau, na mtu akisahau ndipo anapoanza kutunga. Pale nisipokuwa na hakika, nitasema sina hakika.

Nianze na picha. Siku zile biashara zilikuwa zimefunguliwa kwa watu binafsi, mashamba ya mkonge yanapata wenyewe wapya, na vitu vya nyumba ya meneja wa zamani vikatolewa uani viuzwe. Mimi nilikuwa muuza mitumba sokoni. Nikanunua fremu kubwa yenye kioo, nikitaka kutia picha yetu ya harusi. Ndani yake mlikuwa na picha ya kale isiyo na rangi, iliyochorwa yote kwa vistari vyembamba vinavyopishana kama wavu. Mtu amelala chini, nyuma yake moshi na farasi, na watu tisa wamemzunguka. Mwalimu jirani yetu akatusomea maandishi ya chini: ni kifo cha jenerali vitani. Nikataka kuitoa. Mke wangu Zuhura akakataa.

"Iache," alisema. "Tazama alivyoshikwa. Amekufa, lakini hakufa peke yake."

Ikabaki ukutani, upande ambao bati halivuji.

Masika yale Zuhura alishikwa na uchungu wa mimba yetu ya kwanza. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili. Mkunga alikwisha kusema huyu ni wa hospitali, na hospitali yenyewe si mbali. Lakini mama mkwe alisema hatoki mtu mpaka mjomba wake Zuhura afike kutoka Newala. Kwao Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno, na huko hospitali wangeweza kumpasua. Akipasuliwa akafa, na mjomba hana habari, nani atajibu? Naomba mama huyu asilaumiwe. Siku mbili hakulala, amepakata kichwa cha mwanawe mapajani. Na mimi mume? Nilikaa barazani. Nilijua barabara ya Newala imekatika kwa mvua, na bado niliitazama njia.

Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, niliinua macho nikamwona mtu amesimama chini ya upenu. Sikumsikia akija. Alivaa koti refu lenye safu mbili za vifungo, rangi ya majivu, na uso wake nao wa majivu. Paji la uso, mashavu, shingo, mpaka migongo ya mikono, kote chale nyembamba zilizopishana. Wewe ungefikiri nini? Wazee wa Kimakonde nimewaona na chale zao tangu utotoni. Nikasema moyoni, mjomba ametuma mtu.

"Shikamoo, mzee. Umetoka kwa mjomba?"

"Marahaba," akasema. Swali langu hakulijibu. Naliandika hilo kwa haki yake: hakunidanganya.

Nilimpa kiti, hakukaa. Kila tone likidondoka upenuni alijivuta nyuma, kama maji yangemuunguza. Mkono wa kulia ulifumbata kitambaa. Akaniuliza mgonjwa yuko na nani. Nikamtajia mama yake, dada yake, mkunga, majirani wawili, na mimi hapa.

"Sita," akasema. "Sisi tulikuwa tisa. Mmoja kichwa, mmoja mkono, mimi nimekandamiza jeraha. Tulimpenda sana. Kila mmoja alishika pake, na hakuna aliyeondoka kwenda kutafuta wa kumbeba."

Sikuelewa. Nadhani nilisema tu, pole, mzee.

"Wenu bado anapumua. Mbebeni."

"Nikiulizwa amesema nani?"

"Sema nimesema mimi." Kisha yeye aliyeogopa tone akatoka akaingia mvuani, polepole, asigeuke.

Niliingia ndani nikasema mjomba ametuma mtu, ameagiza abebwe. Niaminini, wakati ule ndivyo nilivyojua. Mama mkwe aliuliza mara moja tu, "Amesema?" Nikajibu amesema. Akaanza kulia na kufunga kanga papo hapo. Somoe, dada yake Zuhura, hakuacha utani hata saa ile.

"Siku tatu umekaa kama gunia la korosho linangoja lori, shemeji. Leo gunia limeota miguu?"

Tulimlaza kwenye kitanda cha kamba, wanaume wanne tukakiinua, Somoe mbele akiwafukuza watu njiani. Daktari alimpasua jioni ile ile. Alisema tungengoja mpaka usiku, tungemletea maiti mbili. Shukuru alitoka hana sauti, kisha akaipata.

Asubuhi nilirudi nyumbani kuchukua nguo, nikapita mbele ya picha. Aliyepiga magoti kando ya jenerali, anayekandamiza kitambaa kifuani pake, ana koti la safu mbili za vifungo. Na tangu mabegani mpaka miguuni karatasi ilikuwa imelowa, yeye peke yake. Wanane wengine wakavu. Nilishika ukuta: mkavu. Nikapanda juu ya bati la upande ule: halina tundu.

Mama mkwe anasema alisikia sauti yangu tu kule barazani. Inawezekana. Inawezekana pia nilikuwa nimechoka, nikajitungia ruhusa niliyokosa ujasiri wa kuitoa. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Lakini maji yale nani aliyatia?

Mjomba alifika siku ya tano, matope mpaka magotini. Akasema hakutuma mtu. Nikamwonyesha picha, akaikaribia.

"Hawa wote wana chale," akasema. "Wamechanjwa na nani?" Baadaye akamshika mtoto, akaniambia nisimsingizie tena, ila angekuwapo angesema hivyo hivyo.

Doa lingalipo. Kila masika nafuta kioo, na pale penye doa nasema ahsante, hata kama wageni wanacheka. Nawe unayesoma, ukimwona mgonjwa wako amezungukwa na watu wenye huruma, kila mmoja ameshika pake, usijitafutie pa kushika. Nenda katafute wa kumbeba. Na akija mtu mlangoni kukwambia hivyo, usimuulize ukoo.

Jioni tumekula ugali wa muhogo kwa kisamvu cha nazi na dagaa. Zuhura ameongeza mara mbili.