Nilimmwagia Fundi Bujiku Mto Ganga Wote

Mwaka 1954, pale Shinyanga mjini, nilichukua mto mtakatifu wa Wahindi nikammwagia mwanamume kichwani.

Wote. Halikubaki hata tone.

Najua mnacheka. Chekeni tu. Mimi siku ile sikucheka.

Naitwa Scolastika Mageni, mzaliwa wa Tinde, nakaribia miaka tisini. Anayeandika hapa ni mjukuu wangu Melania. Mimi nasema, yeye anabofya. Nimemwambia akipunguza hata neno moja, kuku wangu hawarithi.

Haya.

Mwaka ule Wahindi wa Shinyanga walikuwa wanajenga hekalu. Wenye maduka, wenye vinu vya pamba, wote walichanga. Wakamleta fundi mkuu kutoka kwao India, mzee mwembamba kama fito, aliyeitwa Mistri Devshi. Hakuwa na karatasi ya ramani. Alikuwa na kamba, vigingi na vidole vyake. Anapima kwa kidole, anafumba macho, anasema neno, mnajenga.

Kazi yangu mimi ilikuwa maji.

Shinyanga ya kiangazi mnaijua. Mto ni mchanga mtupu. Unachimba shimo, unakaa unasubiri maji yajikusanye, unachota kwa kata mpaka debe lijae, unabeba kichwani hadi kwenye ujenzi. Ng'ombe nao wanasubiri umalize. Wengine hawasubiri.

Safari nane kwa siku.

Halafu nikifika, Mistri ananipigia kelele.

"Mageni! Si huko! Zunguka huku!"

Maana hekalu lao halizungukwi hovyo. Ukitembea kulizunguka, lazima liwe upande wa mkono wako wa kulia. Mimi pipa la maji liko hatua tano kushoto, yeye anataka nizunguke jengo zima.

"Hata na debe kichwani?"

"Hata na mtoto mgongoni."

Mzee yule alinichosha, lakini alikuwa anajua kazi. Siku moja alituonyesha jengo kama daktari anayeonyesha mgonjwa. Hapa chini ni miguu. Hapa mapaja. Hapa shingo. Kule juu kwenye ncha ya mnara ni kichwa. Nyumba ya mungu ni mwili, alisema. Na katikati kuna chumba kidogo, cheusi, hakina dirisha.

"Hapa ni tumboni. Mungu anakaa hapa, gizani, kama mimba."

Nikamuuliza, "Na hewa?"

"Mungu hahitaji hewa."

"Mpeni hata kadirisha, Mistri. Shinyanga hii mtamchemsha."

Fundi Bujiku alicheka mpaka mwiko ukamponyoka.

Bujiku alikuwa mwashi, mtu wa Songwa, mrefu, mdomo haupumziki. Sikumpenda. Andika hivyo hivyo, Melania. Sikumpenda.

Sasa, mji mzima ulikuwa unamsubiri Mama Lalji.

Huyu alikuwa mjane, mama yake Lalji mwenye duka la vitambaa. Wenzake walimtuma India akahiji Kashi, mji wao mtakatifu ulio kando ya Mto Ganga, arudi na maji ya mto ule. Bila maji yale, hekalu halifunguliwi. Alikaa huko miezi minane.

Siku aliyorudi, stesheni ilijaa. Ngoma, maua, watoto wamevalishwa kama maharusi. Mama Lalji akashuka kwenye behewa na sari yake nyeupe, kifuani amekumbatia chungu cha shaba, mdomo wake umefungwa kwa kitambaa chekundu na nta.

Watu wazima na heshima zao waliinama wakamgusa miguu. Matajiri wa pamba! Miguu ya ajuza!

Mama Lalji alikuwa amekunja uso kama mtu anayeumwa jino. Nikasema moyoni, haya ndiyo maringo ya kutoka ng'ambo.

Chungu hakikuruhusiwa kukaa kwenye nyumba wanamolala watu. Wakakiweka stoo ya ujenzi, kwenye rafu. Chini ya rafu ndipo nilipokuwa naweka madebe yangu.

Mnaona mambo yanakoelekea.

Zilikuwa zimebaki siku kumi hekalu lifunguliwe. Saa saba mchana, jua linachoma kisogo. Mistri na wengine wameenda kula. Nimetoka kumwaga debe la mwisho kwenye udongo wa saruji. Bujiku yuko juu ya jukwaa, anapiga lipu shingo ya mungu.

Nikasikia puu!

Bujiku yuko chini, kwenye rundo la mchanga. Macho meupe. Ngozi kavu, ya moto kama chungu kilichoepuliwa. Hasemi.

Bujiku asiyesema! Nikajua huyu anakufa.

"Maji!" nikapiga kelele, kama mjinga. Mwenye maji ni mimi. Pipa tupu, madebe matupu, mto uko mbali.

Nikakimbilia stoo. Mnajua nilichokiona.

Sikufikiri. Ningefikiri, nisingefanya. Nilikata kitambaa kwa meno, nikammwagia utosini, kifuani, makwapani. Yaliyobaki nikamtia mdomoni kidogo kidogo, nimempakata kichwa.

Akakohoa. Akafumbua macho.

"Mayu wane," akasema, mama yangu. Halafu, "Mageni, kumbe una mikono laini."

Nikamwachia kichwa kikagonga mchanga.

Ndipo nikatazama chungu. Kitupu. Miezi minane ya safari ya mtu imeingia kwenye kwapa la Bujiku.

Tulitazamana.

"Watatuua," akasema.

"Watanifukuza mimi. Wewe umelala tu."

"Mageni, wewe kazi yako ni nini hapa?"

"Maji."

"Basi leta maji."

Nilikwenda mtoni na kile chungu nimekifunika kwa kanga. Nikachimba shimo jipya, mbali na ng'ombe. Nikachuja kwa kanga mara mbili. Kitambaa nikakigeuza palipochanika pasionekane, nta nikaipata kwa kuyeyusha mshumaa niliopewa kanisani Pasaka. Ndiyo. Mto Ganga uliozibwa kwa mshumaa wa Wakatoliki.

Nikakirudisha rafuni. Mistri akarudi, akapita, hakuona kitu.

Siku ya ufunguzi nilitaka kutoroka, lakini nilipangiwa kujaza mapipa ya kunawia wageni. Na wageni walikuja! Malori kutoka Mwanza, Tabora, Nzega. Makuhani watatu wanaimba tangu alfajiri.

Miungu yao, Rama na mkewe Sita, walikuwa wamefika zamani kwenye masanduku ya majani makavu, sanamu za marumaru nyeupe. Mistri alituambia kwamba hadi siku ile walikuwa mawe tu, ungeweza hata kuwakalia. Wakishatiwa pumzi ndipo wanakuwa wenyeji wa nyumba. Wanaamshwa asubuhi, wanaogeshwa, wanapewa chakula, wanalazwa.

Walipakwa asali machoni. Kuhani akaifuta kwa kijiti cha dhahabu, wakawekewa kioo mbele. Kwa hiyo kitu cha kwanza mungu kukiona duniani ni sura yake mwenyewe. Kama wanaume wote.

Kisha wakafungua chungu.

Nilishika nguzo. Nikasema sasa jiwe litasema. Litageuka liseme, maji haya ya ng'ombe ni ya nani?

Halikusema. Waliliogesha lote, toka kichwani hadi miguuni, likang'aa vizuri tu.

Nikapumua. Mapema mno.

Kumbe yaliyobaki yanagawiwa watu. Kijiko kijiko, mkononi, wanakunywa! Matajiri wa pamba wamefumba macho wanalamba viganja. Mama mmoja analia anasema ni matamu kuliko maziwa. Maji ya mchangani! Hakuna aliyeharisha. Muujiza ninaoushuhudia mimi ni huo.

Tulikuwa tunacheka na Bujiku nyuma ya pipa, mpaka lilipoingia lile lori la Geita.

Lilimbeba mzee Ratansi, mwenye duka kule karibu na mgodi wa dhahabu, amelazwa kwenye godoro. Mifupa mitupu. Wanawe wanne wakamshusha. Kwao mtu anayekufa anatiwa tone la Ganga mdomoni ili aende salama. Walikuwa wamemwendesha siku mbili kwa ajili ya tone lile.

Kuhani akamtia. Mzee akameza, akatabasamu, akashika mkono wa mwanawe mkubwa.

Akafa kesho yake asubuhi.

Kicheko kikaniisha. Nilikuwa nimemwibia mtu anayekufa njia yake. Sikula. Nikifumba macho namwona anatabasamu.

Jumamosi nikaenda kutubu kwa padri.

"Padri, nimeiba maji ya Wahindi."

"Maji kiasi gani?"

"Mto."

Nikamweleza yote. Akakaa kimya mpaka nikadhani amelala.

"Uliiba maji," akasema mwishowe, "ukarudisha maji."

"Ndiyo, padri."

"Sasa nikusamehe nini? Mwenye maji ndiye wa kumwambia. Mimi kule sina mamlaka."

Padri mzima! Kanirushia mpira.

Jumatatu nikaenda kwa Mama Lalji. Nilimkuta uani peke yake, anapepeta mchele.

"Shikamoo, Mama Lalji."

"Marahaba. Nini?"

Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, kifupi. Nikapiga magoti nikasema yote, kwa haraka, ili asinikatize. Bujiku, jua, kitambaa, shimo la mtoni. Mshumaa nao nikautaja.

Aliweka ungo chini.

"Bujiku, yeye alipona?"

"Alipona, mama."

"Shimo, wewe ulichimba jipya?"

"Jipya. Nikachuja mara mbili."

Mabega yakaanza kumtikisika. Nikajua analia. Nikasema nimemuua na huyu.

Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akaegemea ukuta, ushungi ukamdondoka, mchele ukamwagika.

"Mageni," akasema akifuta macho, "mimi Kashi sikufika."

"Nini?"

"Sikufika. Nilishuka meli, homa ikanikamata. Miezi sita nyumba ya dada yangu, kitandani. Ganga sikuiona hata kwa mbali. Siku ya meli kurudi ikafika. Nitawaambia nini hapa? Wote wananingoja mimi."

"Sasa yale maji..."

"Tabora. Treni ilisimama. Pale kuna bomba kubwa la kujazia injini. Nikashuka, nikajaza."

Nilikaa chini, kwenye mchele.

"Kwa hiyo Bujiku alikunywa..."

"Maji ya treni."

Tulicheka sote mpaka Lalji akatoka dukani kuangalia kuna nini. Mama yake akamfukuza.

Halafu akaanza kuokota mchele. Akaniambia, tangu wamguse miguu pale stesheni hajalala vizuri. Kila akiona mguu wake anaona aibu. Ule uso wa kuumwa jino nilioudhani maringo, kumbe ulikuwa wa hofu.

"Na mzee Ratansi?" nikauliza.

Alifikiri sana.

"Ratansi alikunywa nini, sisi wawili tunajua. Ratansi aliona nini, anajua yeye. Wewe ulimwona uso?"

"Nilimwona."

"Basi."

Hatukumwambia mtu. Lakini sifa za chungu zilikuwa zimeenea. Watu wakaanza kuja kutoka mbali, wagonjwa, wajawazito, wafiwa, wote wanataka kijiko. Chungu kingekauka lini? Mama Lalji akasema, Mageni, wewe kazi yako ni nini hapa?

Maneno yale yale ya Bujiku. Nikaenda mtoni.

Miaka mitano nilikijaza. Alhamisi asubuhi, yeye anasimama mlangoni kulinda, mimi namimina. Katikati hapo Bujiku akanioa. Sikuwa nimempenda, nimeshasema, lakini mtu uliyemmwagia mto mzima huwezi kumwacha aokotwe na mwingine.

Mwaka 1959 Lalji akaja kwetu na gari lake, macho mekundu.

"Mama anakwenda," akasema. "Binamu yangu ameleta maji ya Kashi, ya kweli, yamefungwa kwa lehemu huko huko mtoni. Mama hataki kufungua mdomo. Anakuita wewe."

Nilimkuta amekuwa kama mtoto. Chumba kimejaa watu wanaimba. Pembeni kuna kopo la shaba jipya, linang'aa. Ganga yenyewe hatimaye, imemfuata hadi kitandani.

Nikainama.

"Mama, haya ndiyo yenyewe. Kunywa."

Akanong'ona, "Nayaonea haya. Tumbo langu limezoea ya mtoni. Lete ya kwako."

Nilitoka nikapita hekaluni, nikachota kwenye chungu chetu. Niliporudi, wote wamefumba macho wanaimba. Nikatia kijikoni nusu ya mtoni. Nusu nikatia Ganga.

Alimeza. Akayaonja kwa ulimi.

"Umechanganya," akasema. "Mjanja wewe."

Akatabasamu. Ule ule uso wa Ratansi, nausema mbele yenu wote. Kabla ya adhuhuri akawa amekwenda.

Lalji aliniuliza mama alisema nini mwisho. Nikamwambia, "Alikushukuru." Mungu wangu na wa kwao wagawane dhambi hiyo.

Mtaniuliza funzo. Mimi si padri, na hata padri nimewaambia alikimbia. Nilichojifunza ni kidogo tu: mtu akikuletea maji, kabla hujamuuliza ameyatoa mto gani, muulize ameyabeba umbali gani.