Mama Kimya na Maneno ya Redio

Saa mbili na nusu asubuhi, na chumba tayari kinachemka. Mama Kimya anazima feni. Anafunga dirisha, anavuta pazia zito, kisha anaegemeza godoro kuukuu mlangoni ili kelele za korido zisipenye. Saa ya ukutani aliitoa betri zamani, maana mlio wake ulikuwa unaingia kwenye rekodi.

Mbele yake ameketi mwalimu mstaafu, mzee nadhifu, vifungo vyote vya shati vimefungwa mpaka shingoni. Mezani kuna kinasa sauti kidogo na picha moja ya kuchora: mama anaanika nguo uani, mbwa anatoroka na kiatu, ngazi imeegemea paa.

"Mwalimu, naomba unieleze kila unachokiona hapo."

Mwalimu anaanza vizuri kabisa. Mbwa anampata, kiatu anakipata, hata anacheka. Akifika kwenye ngazi, anakwama. "Hii... hii ya kupandia. Jamani! Ya kupandia juu." Anamtazama Mama Kimya kwa aibu. "Si uniambie tu, mwanangu?"

Mama Kimya anatabasamu, hasemi kitu. Chini ya meza vidole vyake vinasokota ncha ya mtandio.

Ndiyo kazi yake hiyo, na ndiyo iliyompa jina. Katika kliniki hii ya watu waliopungukiwa na kumbukumbu, yeye huwarekodi wagonjwa wakizungumza, kisha huvaa hedifoni na kuandika kila alichosikia: kila "eeh", kila "nani hii", kila neno lililoanzwa likaachwa njiani, na kila kimya. Anayesoma ni daktari.

"Watu wanasema ni uzee tu, basi. Lakini haya ni magonjwa tofauti," anasema daktari huyo. "Mmoja anarudia hadithi ile ile kwa sababu amesahau kwamba ameshaisimulia. Mwingine ya jana anayakumbuka vizuri, ila majina ya vitu yanamtoka. Mwingine anajua anachotaka kusema, lakini mdomo unagoma. Usemi hautoshi peke yake, bado tutapima damu na kupiga picha ya ubongo. Lakini unatuonyesha tuanzie wapi."

Kujifunza mashine hakukumpa taabu Mama Kimya. Kilichomsumbua ni adabu.

"Sisi tumelelewa hivi: mtu mzima akikosa neno, unampa, mnaendelea," anasema. "Hapa ukimpa umeharibu kila kitu. Siku za mwanzo nilikuwa nauma ulimi, kweli, si utani."

Basi akirudi nyumbani alikuwa anajilipa. Maneno aliyoyazuia kazini aliyamwaga kwa mumewe.

Mumewe ni fundi cherehani, kibanda chake kiko mbele ya nyumba yao. Mtaani anaitwa Redio, na aliyewahi kupeleka suruali kupunguzwa pale haulizi sababu. Unaingia na suruali, unatoka na habari za mtaa mzima, suruali yenyewe bado. Mke alizoea kumdakia sentensi katikati ili na yeye apate zamu, na wote wawili walikuwa wanacheka.

Ikafika mahali Redio akawa anasema, "Nipe ile... ile ya kukatia," na mke anampa mkasi. "Yule nani, wa pale," na mke anataja jirani. Redio aliongea vilevile, kwa mbwembwe zilezile. Mama Kimya, ambaye mchana kutwa anaandika "ile ya kupandia" za watu wengine, hakusikia chochote.

Aliyesikia ni binti yao. Mama Kimya alisafiri kwenda kumuuguza dada yake, binti akaja kukaa na baba. Mama aliporudi alimkuta jikoni, macho mekundu.

"Baba hana maneno, Mama," binti alimwambia. "Jana ameshika kifungo, ananiuliza kinaitwaje. Kifungo! Mbona hukutuambia?"

"Nilimjia juu," anasema Mama Kimya. "Nilimwambia unamtakia baba yako mabaya. Kisha nikaenda chumbani, nikakaa kitandani, nikajua. Nilikuwa nimemsemea mume wangu mpaka ugonjwa ukapata pa kujificha. Iliniuma, acha tu."

Kwa kawaida ndugu hamrekodi ndugu. Lakini Redio alifika kliniki akagoma: haingii chumba kilichofungwa dirisha akiwa na mtu asiyemjua. Daktari akakubali, kwa sharti moja tu, lile lile: asimpe neno.

Mama Kimya akazima feni.

"Leo umekuwa polisi?" Redio alitania, akakaa. Picha ikawekwa. Mbwa akawa "huyu mnyama", kiatu kikawa "cha huku chini". Halafu akafika kwa yule mama mwenye kamba.

"Huyu anaweka hizi... hizi za kuvaa. Hizi ninazo... wewe unazijua hizi." Akamtazama mkewe. "Mama watoto, nisaidie."

Fundi aliyevalisha mtaa mzima alikuwa anatafuta neno nguo.

Mama Kimya akanyamaza.

"Si unajua? Sema basi." Kimya. Redio akasogeza picha pembeni, sauti imeshuka. "Umenichukia?"

Kisha, kwa kuwa kazi ni kazi, alivaa hedifoni akaandika yote mwenyewe, na mwisho wa swali lile akaandika: kimya.

Vipimo vingine vilikubaliana na rekodi. Redio ana ule ugonjwa unaoanza na maneno, wa kuondoka na majina ya vitu kwanza, baadaye na maana zake. Dawa ya kuuzuia hakuna. Mikono bado inajua kazi, na kola zake bado zinakaa sawasawa, lakini wateja wanaopenda soga wameanza kupita upande wa pili wa barabara. Mama Kimya ameomba siku zake za kazi zipunguzwe.

"Daktari amesema nyumbani sasa nimsaidie nitakavyo," anasema. "Mpango wangu ndio huo, sina mwingine. Nitampa kila neno atakaloliomba. Na lile swali lake bado liko kwenye rekodi, halina jibu. Nilikuwa naogopa kulirudia. Leo nataka nimjibu."

Ni alasiri. Cherehani inanguruma kibandani. Redio ananyoosha mkono bila kugeuka. "Nipe ile..."

"Mkasi," anasema mkewe, na mkasi uko kiganjani.

"Ehee! Huo!"

Mama Kimya anavuta kigoda, anakaa karibu naye. Anamshika bega.

"Baba watoto. Siku ile kliniki uliniuliza kitu, nikanyamaza. Mimi sikukuchukia. Sijawahi kukuchukia hata siku moja."

Redio anaondoa mguu kwenye pedali. Anamtazama mkewe kwa makini, kama anayetaka kupima bega la mteja.

"Kuchukia ndiyo nini?"

Mama Kimya anafungua mdomo, anaufunga. Kwa mara ya kwanza tangu apewe ruhusa, neno analo na halitoi.

"Hilo hatulihitaji," anamwambia. "Endelea kushona."