Ombi Lako Limepokelewa

Ofisini tulimwita Bi Mkosi, na mwenyewe aliitika. Kazi yake ilikuwa kuharibu kwa makusudi. Sisi wengine tuliunda mfumo wa kupokea maombi ya wagonjwa wa hospitali. Yeye alikuja nyuma yetu, akapachika kosa hapa, akakata njia pale, halafu akatazama kama ile programu ya katikati, inayopitiwa na kila ombi kabla halijafika kwa daktari, italidaka kosa au seva nzima itaanguka. Likidakwa, skrini yake inaonyesha kijani. Ukimwona anacheka peke yake, ujue kuna mwenzenu ameumbuka.

Seva ya majaribio hatukuwa nayo. Bosi alisema ni anasa. Basi tulijaribia kwenye seva ileile ya wagonjwa, saa ya chakula cha mchana, watu wakiwa wachache. Na bosi huyohuyo ndiye aliyeamuru kwamba kosa lolote likitokea, mgonjwa asilione. Aambiwe tu, "Ombi lako limepokelewa," hata kama limepotea. Bi Mkosi alibisha mpaka sauti ikamkauka. Mficha maradhi, alisema, kilio humuumbua. Bosi akamjibu kwamba ameajiriwa kupima, si kuhubiri.

Kaka yake Bi Mkosi alikuwa fundi cherehani, na macho yalikuwa yanamwacha. Madaktari bingwa wa macho walikuwa wanakuja hospitalini kwa wiki moja, na nafasi zilipatikana kwa kuomba kwenye mfumo wetu tu. Daktari wake alishamwambia wazi: akikosa safari hii, jicho la kulia limekwenda. Bi Mkosi akamsisitiza atume ombi mapema. Kaka, mtu msikivu, akatuma saa ya chakula, wateja wake wakiwa wamekwenda kula. Saa hiyohiyo dada mtu alikuwa amekaa jirani yangu, anaiharibu njia ya maombi. Kijani kitupu. Tukapongezana kama wajinga.

Wiki ya madaktari ilipofika, kaka alirudishwa getini. Jina lake halimo. Akaja moja kwa moja ofisini, simu mkononi.

"Mdogo wangu, si hii hapa? Wameandika limepokelewa."

Bi Mkosi akaisogeza simu karibu. Alipoona tarehe na saa, alinywea. Akaanza kupekua kumbukumbu za seva, ingawa sote wawili tulijua kosa likidakwa namna ile haliachi hata alama. Akapiga simu hospitali. Nafasi zote zilikuwa zimeshajaa mpaka siku ya madaktari kuondoka.

"Ni mimi, kaka," alisema. "Nilikuwa najaribu mitambo. Ombi lako nimeliua mimi."

Akalia palepale mbele yetu, bila kujifunika uso. Bosi alijifanya anaongea na simu. Nilikuwa na hasira hata sikujua nimkabe nani.

Nilidhani kaka atamtukana, na ningemwona ana haki. Badala yake alimshika bega.

"Basi, mama, nyamaza," alisema. "Mimi angalau nina dada wa kuniambia. Wale wengine waliotuma saa ile, nani anawaambia?"

Bi Mkosi akazigeukia tena kumbukumbu za seva. Hatukuwa na jina la hata mmoja wao.