Karatasi ya Pumzi za Fundi Saa

Mume wa dada yangu ni fundi saa, na chafya yake inajulikana mtaa mzima. Haijulikani kwa ukubwa bali kwa hasara. Akipiga chafya huku amefungua saa ya mkononi, skrubu zilizo ndogo kuliko mbegu ya nyanya huruka zisijulikane ziliko. Hapo huinua mkono juu, na kila aliye chumbani huganda alipo, hata kama mguu mmoja uko hewani, mpaka dada aje na sumaku aliyoifunga kwenye mpini wa ufagio na kuipitisha sakafuni. Mteja mmoja aliwahi kuganda hivyo dakika kumi na moja. Ukutani kulikuwa na saa ishirini na tisa. Nilifuata zile tatu zilizokubaliana.

Chumba chake cha kazi ni cha mbele, kinatazama barabara. Nyuma ya pazia ndiko wanakoishi, nami nikiwa nao. Pumu alikuwa nayo utotoni, ikamwacha, na miaka miwili iliyopita ikarudi na mizigo yake yote. Miaka hiyohiyo miwili ndiyo aliyokaa nao Meneja, paka wa kijivu mwenye kitambi, aliyepewa cheo hicho kwa sababu hulala kazini wenzake wakihangaika. Alikuja mwenyewe, wakati watu walipokuwa wameanza kutazama saa kwenye simu, na fundi akawa anashinda kutwa bila kupata wa kumwambia hata "karibu". Paka akapanda mapajani, akalala. Tangu hapo fundi humweleza kila saa inaumwa nini, na Meneja hajawahi kubisha.

Kwa hiyo kikohozi kilipoanza, fundi alilaumu vumbi la saa za ukutani, manukato ya jirani, na siku moja akanigeukia mimi.

"Shemeji, hiyo sabuni unayofulia ina ukali fulani."

"Kikulacho ki mapajani mwako," dada akajibu kutoka nyuma ya pazia.

Jumanne moja asubuhi alishindwa kumaliza sentensi. Mabega yalipanda na kushuka kama ya mtu aliyekimbizwa, midomo ikabadilika rangi, na hata hapo paka alikuwa bado mapajani. Tulimkimbiza zahanati, wakamwekea mashine ya mvuke usoni. Alipopata sauti, nesi, binti wa umri wa watoto wake, akaanza maswali.

"Baba, kuna mnyama nyumbani?"

"Hakuna."

Dada alitazama dari.

"Hata paka?"

"Paka yupo. Lakini si wa nyumbani. Ni wa kazini."

"Na kazini ni wapi?"

"Palepale," dada akasema. "Unavuka pazia."

Nesi alimpa pampu mbili, moja ya kuvuta kila siku na nyingine ya kumwokoa akibanwa, pamoja na bomba la kupuliza, lenye namba ubavuni za kupima nguvu ya pumzi. Kila asubuhi na jioni apulize mara tatu kwa nguvu, aandike namba iliyo kubwa.

"Inawezekana ni aleji ya paka, inawezekana siyo," alisema. "Namba zitatusaidia kujua."

Fundi aliyapokea maneno hayo kama mtu aliyeambiwa Meneja anapelekwa mahakamani. Akawa anajifungia kupuliza peke yake. Baada ya wiki mbili alimkabidhi nesi karatasi safi, mwandiko umenyooka: mia nne na hamsini asubuhi, mia nne na hamsini jioni, siku zote kumi na nne.

Nesi aliisoma kwa utulivu.

"Baba, wewe ni fundi saa, sivyo?"

"Mwaka wa thelathini na moja huu."

"Nikikuletea saa inayosema saa nne nikiamka, saa nne nikila cha mchana, na saa nne nikienda kulala, utaniambia ina nini?"

Fundi aliuona mtego, lakini heshima ya kazi ilimzidi nguvu.

"Nitakwambia imekufa."

"Basi kwa karatasi hii wewe ni marehemu. Poleni sana, mama."

"Tumeshapoa," dada akaitikia.

Fundi alicheka mpaka akabanwa, ikabidi avute pampu mbele ya wote. Pumzi iliporudi, kicheko hakikurudi nayo.

"Usimwondoe, mwanangu," alisema. "Nikiwa naye, siku haiwi ndefu."

"Mimi simwondoi mtu, baba. Ila safari ijayo nataka uje kwa miguu yako."

Karatasi ya pili dada aliagiza nikae karibu wakati wa kupuliza. Mia mbili na sabini. Mia mbili na hamsini. Siku ambayo Meneja alishinda mapajani, mia mbili na thelathini. Fundi aliandika kila moja kwa mkono wake. Siku ya tisa aliikagua karatasi kwa kile kioo anachokibana jichoni, kana kwamba namba zingekua. Kisha akamwita mshonaji wa ng'ambo ya barabara.

"Una panya?"

"Sina."

"Utapata. Bora umchukue huyu mapema."

Nilimvusha Meneja ndani ya katoni, na tandiko lake juu. Fundi hakutoka nje. Alisema ana saa ya haraka, ingawa mezani hapakuwa na saa. Dada alifua mapazia, mito, hata kitambaa cha redio. Nesi alikuwa ametuonya kwamba mabaki ya paka hukaa nyumbani miezi, tusitegemee miujiza. Na mwezi wa kwanza haukuleta lolote.

"Mnaona? Mmefukuza mfanyakazi bila kosa," fundi akawa anatuambia kila asubuhi.

Mwezi wa pili alifika mia tatu na thelathini. Wa tatu, mia nne na kumi, na akaacha kulala ameketi. Hilo hakulitaja; dada ndiye aliyelitaja, mara nyingi.

Nesi alipompongeza, fundi alikohoa kikohozi cha kuomba.

"Nikikaa naye kwa mshonaji, nje kabisa, robo saa, bila kumgusa?"

"Bila kumgusa kabisa?"

"Labda kidole kimoja."

"Kimoja. Na pampu ya kila siku huachi, na ukirudi unanawa mpaka kwenye viwiko."

Alikwenda Jumamosi alasiri. Alirudi, akanawa, akabadili shati, na baadaye jioni akapuliza mara tatu bila kuitwa. Nilimwona akisita na kalamu. Kisha akaandika: asubuhi 410, jioni 380. Akafikiri tena, na pembeni akaongeza kwa herufi ndogo, lakini zinazosomeka: "Vidole viwili."